Nikimuuliza Mungu "kwa nini" naambiwa nina kiburi

Shikamoo mama,

Nakufatilia siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimeona niandike maana hili jambo nikiendelea kukaa nalo moyoni ntapasuka. Mimi nina miaka 36, ni wa mwisho kuzaliwa kwetu, na huu ni mwaka wa nne namuuguza mama yangu mzazi. Alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukapooza na maneno yakapotea, yaani mama aliyekuwa akiomba mpaka majirani wanasikia, leo neno lililobaki mdomoni mwake ni moja tu, "basi". Ukimpa maji anasema basi. Akiumia ni basi. Nikirudi nyumbani akifurahi kuniona anatabasamu upande mmoja anasema basi basi basi. Nimejifunza kuzitofautisha basi zake kama mtu anavyojifunza kilio cha mtoto mchanga.

Namgeuza kila baada ya masaa mawili, usiku na mchana, usiku naweka alamu kwenye simu maana nikipitiwa anapata vidonda, alishapata kimoja karibu na kiuno kikachukua miezi kupona na kila nikikisafisha nilikuwa nalia mimi kuliko yeye. Namwogesha, namlisha kwa kijiko, nambadilisha. Kazi niliacha. Kulikuwa na mtu anataka kunioa, akasubiri, akachoka, wala simlaumu. Kaka na dada wana familia zao, wanapiga simu wanasema Mungu akubariki sana mdogo wetu, wewe ndo ulipewa hiyo neema, alafu wanakata.

Kwenye maombi hatujalala mama. Tumefunga siku 3, tumefunga 7, tumefunga 21, mikesha sihesabu, watumishi wamekuja wamemwekea mikono. Sasa kuna siku kwenye kikundi chetu cha maombi tukaambiwa kila mtu aseme lililo moyoni, mi nikasema ukweli, nikasema naomba kumuuliza Mungu kwa nini anamwacha mama yangu hivi wakati amemtumikia maisha yake yote. Watu wakanyamaza. Kiongozi wetu akasema mbele ya wote kwamba hicho ni kiburi, udongo haumuulizi mfinyanzi, na kwamba inawezekana kabisa kiburi changu ndo kinazuia uponyaji wa mama, au kuna dhambi imefichwa kwenye familia. Akaniambia nipige magoti nitubu. Nikapiga. Ila mama nakwambia ukweli nilikuwa nimepiga magoti pale sijui natubu nini.

Tangu siku ile siwezi kuomba. Nikifumba macho nasikia sauti yake. Na kuna jambo lingine sijamwambia mtu yeyote, wiki kama mbili kabla ya siku ile, alamu ililia saa 9 usiku, nikaamka nikamgeuza mama, nikakaa pembeni ya kitanda nikasema Mungu mchukue mama yangu, au nichukue mimi, yoyote tu, sichagui. Mpaka leo naogopa. Nahisi nimeomba kifo cha mama yangu na Mungu amekasirika. Ndo naogopa labda yule kiongozi aliona kitu kweli.

Naomba uniambie, hivi kweli nina kiburi? Na huo unyenyekevu unaosemwa kwenye Biblia ni nini, ni kukaa kimya tu?

Binti yako niliyechoka

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu na ya tatu ilibidi niiweke chini kwanza. Naanza na ule usiku wa saa 9, maana naona hayo mengine yote umeyabeba juu ya huo usiku.

Fungua Hesabu sura ya 11. Musa yuko jangwani na taifa zima mgongoni, watu wanalia kila mmoja mlangoni kwa hema yake, nae amefika mwisho. Sikiliza anavyomwambia Mungu kuanzia mstari wa 11. Anamuuliza mbona umenitenda vibaya mimi mtumishi wako, kwani mimi ndo niliwatungia mimba watu hawa, mimi ndo niliwazaa, mpaka uniambie niwabebe kifuani kama mlezi anavyobeba mtoto anayenyonya? Siwezi kuwabeba wote hawa peke yangu, ni wazito mno. Alafu mstari wa 15 anasema kama ndo hivi unanitendea basi niue kabisa. Soma tena hapo mwanangu. Mlezi, mtoto kifuani, peke yangu, ni mzito, niue. Hayo uliyoyasema pembeni ya kitanda saa 9 usiku yameshaandikwa miaka mingi kabla bibi wa bibi yako hajazaliwa, na aliyeyasema ni Musa.

Na Mungu alimjibu nini? Hakumpigisha magoti atubu. Mstari unaofuata kabisa, wa 16, anamwambia nikusanyie wazee 70, watakuja kuubeba mzigo huu pamoja na wewe, usiubebe peke yako. Ndo jibu lenyewe. Mtu kasema niue, akajibiwa kwa kuletewa watu.

Sasa funua karatasi moja tu mbele, sura ya 12 mstari wa 3. Pameandikwa kwamba Musa alikuwa mpole sana kuliko wanadamu wote waliokuwa juu ya uso wa nchi, na hilo neno "mpole" pale ndo lilelile la unyenyekevu, Biblia nyingine zimeandika hivyo moja kwa moja. Mimi hii sura nilipita juu yake miaka na miaka bila kuona zinavyofuatana. Huyu anayeitwa mnyenyekevu kuliko watu wote duniani ndo huyohuyo aliyetoka kumuuliza Mungu mbona unanitenda hivi. Kama kuuliza kungekuwa kiburi, hizi sura mbili zisingeweza kukaa jirani.

Najua kuna mtu atasema mbona sura ileile Mungu aliwakasirikia watu waliolalamika, na ni kweli, moto uliwaka kwenye ncha za kambi, siwezi kukuficha. Ila angalia mwenyewe tofauti. Wale walikuwa wanajuta kwa nini walitoka Misri, wanataka kurudi, na Mungu anasema mstari wa 20 kwamba wamemkataa yeye aliye katikati yao. Musa hakutaka kurudi popote. Alichoka, akamgeukia Mungu uso kwa uso akamwambia nimechoka. Mtu anayemlilia Mungu bado anamshika, mtu aliyemwacha hamuulizi kitu tena, anaenda zake. Wewe ulipouliza kwa nini, ulikuwa unamuuliza nani? Si ulikuwa unamuuliza Yeye.

Nije kwenye udongo na mfinyanzi. Hilo neno lipo, Isaya 45 na Warumi 9, wala silipunguzi, Mungu ni Mungu na sisi ni viumbe. Lakini nakuomba usome na Isaya 64 kuanzia mstari wa 8. Watu wa Mungu mji wao mtakatifu umekuwa ukiwa, nyumba waliyoabudia baba zao imechomwa moto, na wanaomba wakisema wewe u baba yetu, sisi tu udongo nawe u mfinyanzi wetu. Alafu baada ya kusema hivyo wanamalizia na nini, mstari wa 12, wanamalizia na swali, wanamuuliza je utajizuia kwa haya yote, utanyamaza na kututesa sana? Unaona walichofanya, wamekiri kwamba wao ni udongo alafu kwa sababu hiyohiyo wanamdai mfinyanzi, kwamba sisi ni kazi ya mikono yako, utatuangaliaje hivi tu? Kiongozi wako aliukumbuka udongo akasahau kwamba kwenye Maandiko udongo unaruhusiwa kulia.

Na kuhusu dhambi iliyofichwa, hapa niseme kwa ukali kidogo nisamehe. Wanafunzi walimuuliza Yesu kwenye Yohana 9 kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, akasema wala huyu wala wazazi wake. Kwenye Luka 13 akataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote, akajibu mwenyewe, sivyo. Sikatai kwamba dhambi inaleta maumivu, Daudi alilipata hilo, na Yakobo 5 inasema tuombee wagonjwa na tuungame. Ila kumtazama mama aliyepooza ukamhesabia mwanae dhambi ambayo huijui hata jina, hiyo ndo kazi waliyoifanya Elifazi, Bildadi na Sofari kwa rafiki yao Ayubu alipokuwa mgonjwa. Na unajua hao walianza vizuri sana? Walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno, maana waliona maumivu yake ni makubwa. Wangeishia pale. Walipofungua midomo ndo wakaharibu, karibu sura 30 za mabishano, wanamwambia tubu tubu, nae anakataa anasema nataka niongee na Mungu mwenyewe. Alafu mwishoni kabisa, Ayubu 42 mstari wa 7, Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na rafiki zake wawili kwa sababu hawakusema yaliyo sawa juu ya Mungu kama mtumishi wake Ayubu. Waliokuwa wanamtetea Mungu ndo walioambiwa wamekosea, na ilibidi yule mgonjwa ndo awaombee.

Sikufichi kwamba Mungu nae alimuuliza Ayubu maswali magumu, sura ya 38 mpaka 41, ulikuwa wapi nilipoweka misingi ya dunia, na Ayubu akaweka mkono kinywani. Huo ni unyenyekevu kweli. Ila uliletwa na nini? Ulikuja baada ya kumsikia Mungu mwenyewe akinena nae kutoka kwenye upepo wa kisulisuli, haukuja kwa kulazimishwa na rafiki mbele ya watu. Na mpaka kitabu kinaisha Ayubu hakuambiwa kwa nini. Hilo jambo linaniuma mpaka leo nikilisoma, nakuwa mkweli kwako. Alipata kumwona Mungu, sababu hakupata. Kwa hiyo mwanangu sitakudanganya kwamba ukiomba kwa namna fulani utajibiwa kwa nini mama amekuwa hivi. Paulo aliomba mara 3 ule mwiba wa mwilini mwake uondoke, haukuondoka, akaambiwa neema yangu yakutosha. Trofimo, mwenzake Paulo wa safari, aliachwa mji wa Mileto akiwa mgonjwa, na aliyemwacha pale ni huyohuyo Paulo, 2 Timotheo 4 mstari wa 20, hakuna aliyeandika kwamba imani yake ilikuwa ndogo.

Sasa swali lako la unyenyekevu. Mtu akitaka kukunyamazisha anapenda kunukuu 1 Petro 5 mstari wa 6, basi nyenyekeeni chini ya mkono wa Mungu ulio hodari. Hapo wengi wanaweka nukta. Biblia haikuweka, sentensi inaendelea mstari wa 7, "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote". Liangalie hilo neno kutwika. Mtu anatwikwaje mzigo? Wewe umeubeba, umekushinda, mwingine anainama kidogo, unauinua kwa mikono miwili unauweka juu ya kichwa chake. Hauwezi kumtwika mtu huku unajifanya mzigo haupo. Na huwezi kumtwika ukiwa umekaza shingo unasema ntaweza mwenyewe. Kwa hiyo ukisoma mistari yote miwili pamoja unyenyekevu wenyewe ndo huo, kukubali kwamba huu mzigo mimi umenishinda, nikautua kichwani kwa Mungu jinsi ulivyo, na uchungu wake, na ile sala yako ya saa 9, na hilo swali la kwa nini. Kumbe siku ile kwenye kikundi uliposema ukweli mbele ya watu ndo ulikuwa unaanza kutwika, wakakurudishia mzigo na kukuongezea mwingine juu.

Yesu mwenyewe pale Gethsemane alisema roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akaomba kikombe kiondolewe, akaomba tena maneno yaleyale, akawaomba rafiki zake wakae macho naye hata saa moja tu wakalala. Waebrania 5 mstari wa 7 wanasema aliomba kwa kulia sana na machozi. Na msalabani akalia Mungu wangu Mungu wangu mbona umeniacha, maneno ya Zaburi 22. Hilo "mbona" lako wewe limeshatoka kwenye kinywa cha Mwana wa Mungu, sasa nani atasema lina kiburi?

Kuhusu kushindwa kuomba, usijilazimishe kwa sasa kutunga sala ndefu kama zile za zamani za mama. Soma Zaburi 88, ni fupi, na haimalizii kwa shangwe kama nyingine, neno lake la mwisho ni giza. Isome kwa sauti ukiwa umekaa pale pembeni ya kitanda, mama asikie. Nilipokuwa namuuguza marehemu mume wangu kuna miezi nilikuwa nafungua hiyo tu, sina langu la kuongeza, na nilipomaliza nafunga kitabu nalala. Warumi 8 mstari wa 26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, Roho anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Wewe unaishi na mtu wa neno moja, na ukisikia "basi" unajua kama ni kiu au ni maumivu au ni furaha. Wewe binadamu umeweza kumsoma mama yako hivyo ndani ya miaka minne, sasa Mungu atashindwa kukusoma wewe?

Na ile sala ya kumchukua mama. Hukumwua mama yako mwanangu. Uliomba mateso yaishe, yake na yako, ukiwa hujalala, kwa mtu pekee aliyekuwa macho saa ile. Eliya nae aliomba afe, 1 Wafalme 19, na malaika alipokuja hakumhubiria, alimgusa akamwambia inuka ule, akala akanywa akalala tena, akamwamsha mara ya pili akamwambia ule maana safari ni kubwa mno kwako. Chakula na usingizi kwanza, kuongea na Mungu mlimani kukaja baadae. Kwa hiyo hili nakwambia kama mama, ile sehemu ya "nichukue mimi" usiifiche. Kama bado inakujia, kama kuna asubuhi unaamka unatamani usingeamka, mwambie mtu wiki hii hii, daktari anayemwona mama mwambie na habari yako wewe, usimwambie za mama tu. Miaka minne ya kuamka kila masaa mawili inaumiza mwili na akili ya mtu yeyote, mwenye imani na asiye na imani, na kwenda kutibiwa hakupunguzi imani, Paulo alimshauri Timotheo dawa ya tumbo wala hakumwambia aongeze kufunga.

Sasa wale wazee 70 wako wako wapi? Naona wawili wanapiga simu alafu wanakata. Mwanangu neno neema lisitumike kama kufuli la kukufungia wewe peke yako chumbani na mgonjwa. Waandikie kaka na dada kwenye meseji moja wote wawili wasome pamoja, usilalamike wala usitukane, taja kitu chenyewe na siku yenyewe. Kwa mfano, "Kaka, dada, nimefika mwisho, mwili wangu umekataa. Kuanzia mwezi huu nahitaji usiku wa Ijumaa na Jumamosi mmoja wenu awepo kumgeuza mama mimi nilale, au mtafute na mlipe mtu wa kunisaidia usiku. Naomba jibu kabla ya Jumapili." Wakijibu "tutaomba", waambie "asanteni, na usiku wa Ijumaa nani anakuja?" Uwaulize hivyohivyo mpaka wajibu. Utaona aibu, utajisikia kama unaomba msaada usiostahili, na hapo ndo nataka ukumbuke Musa, aliambiwa usibebe peke yako na aliyesema ni Mungu.

Kiongozi wenu, kama una nguvu mfuate faragha, Mathayo 18 inasema kati yako na yeye peke yenu, umwambie yale maneno yalikuumiza kiasi gani na kwamba tangu siku ile hujaweza kuomba. Huenda hajui. Wengine wanaogopa maswali kwa sababu na wao wana yao hawajawahi kuyasema. Kama huna nguvu acha kwanza, hudaiwi. Na kama kikundi hakina nafasi ya mtu anayelia, pumzika kidogo usiende, mtafute hata mama mmoja tu wa kanisani aliyewahi kuuguza, huyo atakuja akae na wewe, asiongee sana. Warumi 12 imesema lieni pamoja nao waliao, na haikusema kwanza muwachunguze.

Usiku wa leo alamu ikilia, mgeuze mama, alafu kabla hujarudi kulala sema neno moja tu kwa Mungu, lolote ulilonalo, hata kama ni lilelile la kwa nini. Mama yako atakuwa anakusikia.

Nisalimie mama sana, alafu uniandikie uniambie alijibu basi ya namna gani.